Mwerevu na Mjinga wa Maabara ya Hai Mauna

Nyinyi mnaoingia maabara leo na makoti meupe yaliyopigwa pasi, kwanza osheni mikono. Halafu msiamini kwamba imesafika. Jasho la kidole kimoja linatosha kutafuna RNA ya wiki nzima ya kazi, na RNA haipigi kelele ikitafunwa. Inaisha kimya kimya, nanyi mnaendelea kutikisa kichupa cha maji matupu huku mkijiona wanasayansi.

Hilo nilifundishwa na Daktari Nekesa, kwa kelele. Daktari huyo ni Mkenya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki. Nilimjua tangu Kitale, miaka ya ukimbizi wangu, nilipokuwa naosha chupa katika maabara ya hospitali na yeye ndio kwanza ametoka chuo. Nchi yetu ilipopata uhuru nikarudi Juba. Haukupita muda mrefu, namkuta sokoni anabishana na muuza nyanya. Yeye anagomba kwa Kiswahili, muuzaji anajibu kwa Kiarabu cha Juba, hakuna anayemwelewa mwenzake na wote wawili wamekasirika sawasawa. Nikaingilia, nikaamua ugomvi, nikapewa nyanya za nyongeza. Yeye akanishika mkono.

"Mama Poni! Si wewe uliyekuwa unaosha chupa mpaka zinalia zikiguswa?"

"Ni mimi. Na si wewe uliyekuwa unazivunja?"

Akaniajiri hapo hapo, katikati ya nyanya.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga Hai Mauna, vyumba viwili na baraza, ukuta mmoja na karakana ya Okello, Mganda anayechomelea mageti. Okello akigusa chuma tu, taa zetu zinakonyeza, na Daktari anatoka nje mbio.

"Okello! Unaniulia seli!"

"Pole sana, Daktari. Lakini mimi pia iko na geti ya watu."

Basi kwa kelele hizo hizo tulianza kazi ambayo jina lake lilinichukua mwezi kulitamka, na sasa nalitamka vizuri kuliko baadhi yenu.

Ugonjwa tulioushughulikia ni kala-azar. Mnaoujua mnaujua: tumbo linavimba, mwili unakauka, na mtoto anakutazama kwa macho ya mzee. Vijidudu vyake vina ujeuri wa ajabu. Vinaingia ndani ya seli zile zile za damu ambazo kazi yake ni kuua vijidudu, vinakaa humo, vinazaana. Daktari akanieleza jinsi vinavyoweza. Ndani ya seli kuna ujumbe mrefu wa RNA unaoamrisha kazi, tengeneza hiki, ua kile. Na kuna vipande vifupi vinavyoitwa maikro-RNA, ambavyo hupita vikiunyamazisha ujumbe huo. Si vibaya. Nyumba isiyo na wa kunyamazisha ni kelele tupu. Lakini kijidudu kikiingia, kuna maikro-RNA mmoja anayeongezeka kupita kiasi. Anazunguka akifunga midomo, na seli iliyotakiwa kumuua mdudu inakaa naye kama imepata mgeni wa heshima.

Nikamwambia Daktari, "Huyo namjua. Huyo ni mama mkwe wangu."

Marehemu mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema na asimwamshe, alikuwa hivyo kabisa. Kule kwetu Rejaf alizunguka uani tangu alfajiri, na mdomo wowote uliofunguka aliufunga. Dawa yake ilikuwa moja tu, jirani yetu mmoja mpiga soga. Jirani huyo akija, anakaa naye ana kwa ana, goti kwa goti, anamshika mikono yote miwili, anaanza habari za ukoo baada ya ukoo. Mama mkwe hawezi kunyanyuka. Siku hiyo sisi wake za wanawe tulicheka, tulipika tulichotaka, tulifanya mambo yetu. Hakuna aliyempiga mama wa watu, hakuna aliyemfukuza. Ameshikwa tu.

Daktari alicheka mpaka akakalia ndoo. "Mama Poni, hiyo ndiyo kazi. Tunambuni huyo jirani."

Jirani huyo kwa jina la shule ni oligonukleotidi ya antisensi. Mimi nilisema oligo. Ukilisikia jina hilo utadhani ni ndugu yake Okello.

Aliyepewa kazi ya kumbuni chini ya Daktari ni Kiden. Kiden ni mjukuu wangu, mtoto wa Poni wangu, na hapa mnisamehe, nitajisifu. Nilimlea mimi. Alimaliza sekondari Kitale na akili kama wembe, na mdomo wake hivyo hivyo. Akili sijui ametoa wapi, mdomo ni wangu. Daktari alimchukua kama msaidizi, akamwambia mbele yangu, "Kiden, ubunifu huu ukisimama, wenye mradi watakulipia chuo Nairobi. Nimeongea nao. Ukianguka, mradi unafungwa, na mimi sina njia nyingine ya kukupeleka." Kiden aliitikia kwa utulivu. Mimi ndiye niliyekosa usingizi tangu siku ile.

Sasa sikilizeni namna tulivyobuni, kwa sababu nyinyi mnabonyeza kitufe na kompyuta inawatapikia jibu, hamjui limetoka wapi.

RNA ina herufi nne, na kila herufi ina mwenzake anayeshikana naye. Kiden alianza kwa karatasi. Karatasi Juba ina maadui watatu, vumbi, feni na vikombe vya chai. Nikamletea shanga zangu, suksuk kama tunavyoziita hapa. Nyekundu inashikana na nyeupe, nyeusi inashikana na bluu. Akamtunga mama mkwe kwenye uzi, akamlaza mezani, halafu akamtunga jirani wa kumkabili shanga kwa shanga. Daktari alipoingia na kuona, akaufuta ubao aliokuwa akichorea herufi. Tangu siku hiyo ubao ulibaki wa kuandikia zamu za jenereta.

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kusahau kwamba nyuzi hizi hulala kinyume. Kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kama mnavyowalaza watoto wengi kwenye kitanda kimoja. Mkimtunga jirani kwa uelekeo ule ule, mmempata mtu anayeongea na mgongo wa mwenzake. Daktari mwenyewe aliwahi kufanya hivyo akiwa mwanafunzi, na walimtania mpaka akahitimu.

Kosa la pili ni uzi unaojikumbatia. Mwanzo wake unapenda mwisho wake, unajikunja, unajishika wenyewe. Mzuri sana ukiutazama, lakini hauna mkono uliobaki wa kumshika mtu mwingine. Tumewajua wasichana wa namna hiyo.

La tatu ndilo gumu. Mama mkwe ana dada zake. Mdomo wake uko mbele, shanga zile chache za kwanza, na ndio anaotumia kunyamazisha. Dada zake wana mdomo ule ule. Tofauti iko mwilini. Ukibuni jirani anayeshika mdomo peke yake, umeshika ukoo mzima, pamoja na dada mwema aliyekuwa akifanya kazi yake bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo Kiden alimbuni jirani wa kumshika kuanzia mdomo mpaka miguu. Alitunga, akafumua, akatunga tena, mpaka vidole vikafanya sugu. Alipopatikana wa kuridhisha, tukamwita Mwerevu.

Juba hatukuwa na mashine ya kutengeneza oligo wa kweli. Daktari alisoma shanga, akaandika herufi, akaziagiza ng'ambo. Huko wanauunganisha uzi na kuuvika gamba la kemikali ili usitafunwe haraka, kisha wanaukausha. Na hapa ndipo pana kichekesho. Ukishakaushwa hauonekani. Kichupa kinakuja kitupu kabisa machoni. Kabla hamjakifungua mkizungushe kwenye mashine ili unga ushuke chini, maana mkifungua kwa pupa dawa yote inaruka na mnabaki na kifuniko.

Tulipokwenda kukichukua uwanja wa ndege, afisa wa forodha alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza.

"Hii ni tupu. Mnaagiza hewa?"

Daktari akaanza kueleza sayansi, na kadiri alivyoeleza ndivyo mkono wa yule bwana ulivyosogea kwenye kifuniko. Nikaona kichupa kinafunguliwa. Nikamwambia kwa Kiarabu, taratibu, kama mtu anayetoa siri, "Mwanangu, hiyo ni dawa ya kumtuliza mama mkwe. Ikimwagika mahali, hapo hakuna atakayesema neno mpaka jioni."

Alikirudisha kwenye boksi haraka. Halafu akainama, akaniita bibi kwa Kiarabu. "Habuba, kinauzwa?"

Sasa, Mwerevu peke yake hatoshi. Hili mlishike kuliko mengine yote. Ukimwagia seli kitu chochote, zinaweza kushtuka na kubadilika kwa sababu tu zimemwagiwa. Kwa hiyo unamtunga na mwingine, shanga zile zile, idadi ile ile, lakini zimevurugwa, asimshike yeyote. Tulimwita Mjinga. Kazi yake ni kutofanya kazi. Mwerevu akiua vijidudu na Mjinga akashindwa, hapo unaweza kusema umegundua kitu. Kiden alizifumua shanga za Mwerevu, akazitikisa kwenye kibuyu, akazitunga jinsi zilivyotoka, kisha akamtunga Mwerevu upya kwa shanga nyingine. Siku hiyo mtandao ulikuwa umekatika na ndege ya barua ilikuwa inaondoka. Daktari akaziandika herufi, akazituma bila kumpima Mjinga kwanza.

Mjinga alipofika, jaribio likafanyika. Seli zilitoka katika damu yetu wenyewe, yangu pia, kwa hiyo nina haki ya kujisifu mara mbili. Vyombo vitatu, vyote vina vijidudu. Cha kwanza hakikuongezwa kitu, cha pili Mwerevu, cha tatu Mjinga. Na mtu anayehesabu kwenye hadubini hatakiwi kujua anahesabu chombo gani, maana jicho lenye tamaa huona linachotaka. Daktari akanipa mimi kazi ya kuficha. Nikafunga ushanga wa rangi kwenye kila kioo cha hadubini, rangi nilizochagua mwenyewe, na siri ikabaki kichwani mwangu. Kiden alinizunguka kama inzi.

"Habuba, kijani ni nani?"

"Kijani ni kijani."

"Nitakuosha miguu."

"Miguu yangu misafi. Hesabu."

"Hata kukonyeza tu? Nikitaja jina, wewe konyeza."

"Nikikonyeza utafikiri ni Okello anachomelea. Hesabu, binti."

Akahesabu. Daktari akahesabu baada yake. Kisha nikaambiwa nitaje majina. Chombo kitupu, kile kisichoongezewa kitu, seli zimejaa vijidudu. Mwerevu, vijidudu vichache mno. Kiden akaruka. Mjinga...

Mjinga naye, vichache mno.

Ng'ambo ya ukuta tulimsikia Okello anakohoa. Daktari akavua miwani. "Kama Mjinga anaua sawa na Mwerevu, basi hatujui kinachoua ni nini. Hatuna kitu."

Wakarudia. Jibu lile lile. Daktari akalaumu maji, akalaumu joto, akaenda kumlaumu Okello, akarudi amepoa, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema itabidi awaandikie wenye mradi ukweli. Kiden hakulia. Alikwenda kwenye meza ya shanga, akachukua uzi wa Mwerevu, akaanza kuufumua. Akazitoa moja moja mpaka karibu na fundo, akasimama. Akauweka. Akachukua uzi wa Mjinga, akaufumua hivyo hivyo, akasimama pale pale.

Daktari alikuwa anamtazama bila kutazama. Mara akasema, "Mbona unaziacha hizo?"

"Zipi?"

"Hizo za mwisho."

"Hizo ni za fundo," Kiden akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua.

"Ndiyo, ni za fundo. Kwa nini huzitoi?"

Kiden akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Nyumbani kwetu, mtu akiugua tunamtungia uzi wa shanga wa kiunoni. Zikihitajika kwingine, utazitoa kwa upande ulio wazi, lakini zile zinazogusa fundo haziguswi mpaka mgonjwa apone. Bibi yangu alinifundisha kwa kunifinya, nami nikamfundisha Kiden kwa kumfinya. Na ule uzi wa Mwerevu tuliuita dawa tangu mwanzo. Alipoufumua ili kumtunga Mjinga, vidole vyake vilifika kwenye fundo vikasimama vyenyewe. Akazichanganya zilizotoka, akazirudisha juu ya zile ambazo hazikutoka.

Daktari akazilaza nyuzi mbili sambamba. Shanga za fundo zilifanana, nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu. Akamleta mama mkwe, akamlaza kinyume. Shanga za fundo zilikaa mahali gani? Juu ya mdomo. Juu ya mdomo wenyewe!

"Tulimvuruga mwili," Daktari akasema polepole, "tukamwachia mikono ya kuziba mdomo."

"Mjinga si mjinga," nikasema.

"Mjinga ni mwerevu nusu! Na mimi niliyemwandika bila kumtazama ni nini?" Akaanza kucheka na kupiga meza, na vichupa vyangu visafi vikaruka. Maana mnaona, Mwerevu hakuwa ameanguka. Alikuwa hajapimwa tu, kwa sababu tulimpimia na nduguye. Chuo cha Kiden kilikuwa bado kinawezekana, mradi tu tupate mjinga wa kweli.

Daktari akachukua mkasi alikate fundo. Nikamshika mkono. Tulishikana hapo, mwajiri na mwajiriwa.

"Mama Poni, ni uzi wa mezani!"

"Uzi wa mezani uliitwa dawa na mdomo wako mwenyewe. Haukatwi."

"Sasa tufanye nini?"

Nikamwambia kosa letu ni kumpa mjinga heshima isiyo yake. Yeye si dawa, si mgonjwa, kwa nini awe na fundo? Nikaenda kwa Okello, nikachukua kipande cha waya mwembamba wa kuchomelea. Shanga mpya kutoka kwenye kopo, rangi na idadi zile zile, zote kibuyuni, Kiden akafunga macho akazitunga kwenye waya, na mwisho nikaukunja kwa koleo. Hakuna fundo, hakuna mila, hakuna haya. Safari hii Daktari alimpima Mjinga wa Waya dhidi ya mama mkwe kwa kila upande, kichwa na miguu, akangoja mtandao urudi ampime na dada zake pia. Hakumshika yeyote. Agizo likaenda.

Halafu ikafika Desemba ile ya vita, na hapa sitanii. Mlio wadogo mmeambiwa, mlio wakubwa mnakumbuka. Risasi zilianza Jumapili, na baada ya hapo Juba haikuwa Juba. Watu waliokuwa wakinunua mkate duka moja wakaanza kuulizana kabila. Tuliona ambayo sitayatia katika habari ya shanga. Daktari aliondolewa kwa ndege na Wakenya wenzake, analia, mkoba mmoja. Okello akarudi kwao Gulu juu ya lori. Kabla sijaondoka nilikwenda maabara. Jenereta limezimika, friji linavuja maji. Vilivyoyeyushwa vilikuwa vimeharibika, lakini kulikuwa na kichupa kimoja cha Mwerevu kikavu, kile kinachoonekana kitupu. Nikakitia kwenye kopo la shanga, nikaenda nacho Rejaf na Kiden. Kule tulilima bamia na kusikiliza.

Kiden alisema siku moja tukipalilia, "Habuba, hata Mjinga akija, nani atampima? Khalas. Imeisha."

"Imeisha kwa nani?"

"Kwa wote. Watu wanakufa, wewe unaweka kichupa kwenye kopo."

Nilimwambia apalilie kwa mstari ulionyooka. Wakati mwingine hiyo ndiyo hekima yote niliyo nayo.

Miezi ikapita, mji ukatulia kwa namna yake ya wasiwasi, na simu ikalia. Ni Daktari, kutoka Nairobi, sauti ile ile ya samaki. Mjinga wa Waya alikuwa ametengenezwa na kufika kwake. Wenye mradi wamempa nafasi moja ya mwisho, jaribio moja. Yeye atarudi Juba kwa ndege, lakini vifurushi vya ndege haviaminiki tena, vinapotea. Amemtuma Mjinga kwa basi mpaka Gulu, Okello atamleta kwa barabara.

Okello alimleta. Daktari alikuwa amemwambia kwenye simu asisumbuke na barafu, kitu kikavu hakiogopi joto, akitie mfukoni tu. Okello hakuamini. Dawa gani isiyotaka baridi? Kufika mpakani Nimule alinunua soda iliyoganda, akaishikilia juu ya mfuko wa shati. Lori likaharibika njiani Nesitu, wakakaa hapo na madereva wengine kutwa nzima, na Okello akanunua soda juu ya soda, anaziweka kifuani mpaka zinachemka, anazinywa, ananunua nyingine. Alifika kwetu tumbo limejaa kama ngoma.

"Mama Poni," akasema akikitoa kichupa kwa mikono miwili, "nimemtunza yeye kama yai. Hajalala joto hata kidogo."

"Asante, mwanangu. Ungemtia hata kwenye kiatu."

"Aa! Msiseme hivyo mbele yake."

Daktari naye alipofika, tukarudi Hai Mauna, tukawasha jenereta. Nikaosha kila kitu mara nyingi kuliko kawaida. Tukatoa damu, seli zikakua, vijidudu vikatiwa. Mwerevu wa kopo la shanga, Mjinga wa soda, na chombo kitupu. Okello, aliyekuwa ameifungua tena karakana yake, aliizima kwa hiari, akakaa barazani kwetu kama baba anayesubiri mkewe ajifungue, maana alijua chuo cha Kiden kilikuwa ndani ya kile kichupa alichobeba.

Nikafunga shanga kwenye vioo. Nyeusi, njano, zambarau. Safari hii Kiden hakuniuliza, hata mzaha hakufanya. Alikaa kwenye hadubini, jicho moja kwenye kioo.

"Nyeusi imejaa," akasema baada ya muda. Daktari akaandika.

Nyeusi ilikuwa chombo kitupu. Nikatazama kucha zangu.

"Njano, vichache. Vichache sana. Seli nyingi safi kabisa."

Njano ilikuwa Mwerevu. Lakini mara ya kwanza Mwerevu pia alikuwa hivyo, na haikutusaidia. Kila kitu kilibaki kwa zambarau. Kiden akaweka kioo, akazungusha, akazungusha tena. Nilihisi uso unataka kunisaliti, nikaanza kufuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta.

"Habuba, unapumua kwa nguvu," akasema bila kugeuka.

"Ni uzee. Hesabu."

"Zambarau..." Akarudi mwanzo wa kioo, akapita kote upya. "Zambarau imejaa. Inafurika. Kila seli ina vijidudu, ni kama haikuguswa na kitu."

Daktari akahesabu mwenyewe. Imejaa. Akanigeukia. "Mama Poni. Majina."

"Nyeusi ni kitupu," nikasema. "Njano ni Mwerevu. Na hiyo inayofurika..." Hapo nilijifuta mikono kwenye aproni kwanza, nakiri, kwa sababu si kila siku watu wawili wenye elimu wananiangalia mimi mdomoni. "Hiyo ni Mjinga."

Kiden alipiga yowe. Mimi nikapiga vigelegele ambavyo Hai Mauna haikuwa imevisikia tangu siku ya bendera. Daktari alinibeba, mfupi vile, na aproni yangu, na Kiden akatukumbatia wote. Katika mji ambao kila habari ilikuwa mbaya, sisi tulikuwa tunalia kwa furaha kwa sababu ya chombo ambamo hakikutokea kitu. Nilimtazama mjukuu wangu nikamwona tayari yuko Nairobi, na koti jeupe, anamfokea mtu aliyesahau glavu. Na ndivyo alivyo leo.

Okello akaingia kwa kishindo, anacheka kabla hajajua anacheka nini.

"Imefanya kazi? Ile yangu, niliyoleta mimi?"

"Haijafanya kazi!" Kiden akampigia kelele, anamrukia shingoni. "Okello, haijafanya kazi hata kidogo! Imekaa tu!"

Uso wa Okello ukashuka. Akatutazama mmoja mmoja, wanawake watatu wanaolia na kucheka. Akashika tumbo lake, lile la soda zote za kutoka Nimule.

"Imekaa tu," akasema. "Mama Poni, hata mimi ningeweza kuja kukaa."